Parokia imenipa vijana sita niwapeleke Seoul 2027. Naanzia wapi?

Mlezi_Malaba

Tumsifu Yesu Kristo. Salamu kwa ndugu zangu wote wa humu.

Mimi ni mama wa miaka 41, nauza chai na chapati Malaba upande wa Uganda, pale malori yanapolala foleni yakingoja makaratasi. Kiswahili nakiongea tangu saa kumi na moja alfajiri hadi usiku, na madereva wa Mombasa, wa Kigali, wa Bukavu. Parokiani ni mlezi wa vijana, huu ni mwaka wa tisa. Kila mwezi wa tano mahujaji wanaotembea kwa miguu kutoka Kenya kwenda Namugongo, walikouawa mashahidi wa Uganda, hupita kwetu, na ni mimi na vijana wangu tunaowachemshia maji ya kukanda miguu na kuwatandikia mikeka madarasani.

Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, baba paroko aliniita akaniambia kwamba Siku ya Vijana Duniani, ule mkutano wa vijana Wakatoliki na Papa, itafanyika Seoul, Korea Kusini, tarehe 3 hadi 8 Agosti 2027. Baraza la parokia limeamua tupeleke vijana sita, na mimi niende nao. Nilikubali palepale kwa furaha. Usiku usingizi ukakataa. Sijawahi kupanda ndege. Mbali nilikofika ni Nairobi, tena kwa basi.

Vijana wenyewe wana miaka kati ya 19 na 27. Wawili ni wa boda, mmoja fundi cherehani, mmoja anasomea ualimu, mmoja anauza simu na vocha, na wa mwisho amemaliza S6, yaani mwaka wa mwisho wa sekondari, yuko nyumbani anamsaidia baba yake shambani. Hakuna mwenye pasipoti, nami sina. Michango tuliyoanza imefika shilingi 1,870,000. Iko kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda changu, pamoja na daftari lake.

Sasa amejitokeza mtu anayesema yeye "anatoa viza". Anataka milioni mbili kwa kila kijana, nusu sasa, nusu pasipoti zikirudi. Anasema watu wa mpakani kama sisi tukienda wenyewe tutakataliwa. Wazazi wameanza kuhangaika: mmoja anatafuta mteja wa ng'ombe, mwingine anazungumzia kipande cha shamba. Na mzazi mmoja kaniuliza swali nikakosa jibu: Korea kuna Wakatoliki kweli, au tunapelekewa watoto kwa watu wasiomjua Mungu?

Naomba aliyewahi kwenda mkutano kama huu anieleze. Naanzia wapi? Huyu mtu nimfanyeje? Huko watu wanalala wapi, wanakula nini? Na mtu mmoja anawezaje kuwachunga sita ndani ya umati wa namna ile? Mnijibu kama mnavyomjibu dada yenu wa tumbo moja.

Mwalimu_Arua

Milele, amina. Dada Mlezi, huyo mtu usimpe hata shilingi mia. Viza inatolewa na ubalozi, na Korea Kusini wana ubalozi wao Kampala. Yeye akishika pasipoti sita na milioni sita za kwanza, atakachokupa ni namba ya simu isiyopatikana. Na maneno ya mpakani ni ya kukutisha tu. Afisa wa viza anaangalia makaratasi yako, pesa yako, na kama una sababu ya kurudi nyumbani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilikwenda Lisbon mwaka 2023, tarehe 1 hadi 6 Agosti. Nitakueleza ya huko, lakini kwanza nikueleze ya hapa nyumbani, kwa sababu hapa ndipo tulipoumizana.

Tulikuwa kumi na mmoja. Mimi nilikuwa mweka hazina, daftari lilikuwa mikononi mwangu. Pesa zote tulizitia chungu kimoja: michango ya Jumapili, harambee, na ya mfukoni ya kila mmoja. Aliyekuwa akitupangia safari akatuambia tiketi zitapanda bei, tulipe mapema. Tukalipa zote kumi na moja kabla ya viza. Tiketi yangu peke yake ilikuwa milioni nne na laki tatu. Majibu yalipotoka, watano tulipata, sita walikataliwa. Tarehe ya ndege ilikuwa imebaki siku nane.

Dada, hakuna aliyeiba. Lakini tiketi za wale sita zilirudishwa nusunusu, zikakatwa hiki na kile, na nusu hiyo yenyewe ilichukua miezi mitano. Binti mmoja mama yake alikuwa ameuza mbuzi wanne. Kijana mwingine alikuwa amekopa kwa mjomba wake. Maneno yakaanza kwamba sisi watano tumepanda ndege kwa pesa yao, na ukilisoma daftari vizuri, si uongo kabisa, maana chungu kilikuwa kimoja na sisi ndio tuliokula. Wawili wao hadi leo hawajarudi kwaya. Nikipita kwao nasalimiwa kama mgeni.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza si pasipoti. Kesho asubuhi toa hiyo 1,870,000 kwenye kopo uipeleke benki au SACCO, akaunti ya watu watatu kusaini, wewe ukiwa mmoja wao. Kisha ita wazazi wote sita kabla mtu hajatoa shilingi nyingine, muandike mapatano: pesa ya kila kijana ina jina lake, na michango ya wote ina ukurasa wake. Tiketi hainunuliwi mpaka viza iwe kwenye pasipoti. Wakati wa kuomba viza mnapeleka nafasi iliyoshikwa tu, haijalipiwa. Ada ya viza ikilipwa hairudi, hilo walijue tangu leo. Na akikataliwa mtu, anarudishiwa zake zote zilizobaki ndani ya siku ngapi? Ziandikeni hizo siku. Yasomwe kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kiteso na kwa Kipadhola, kila mzazi aweke sahihi au dole gumba.

Ng'ombe abaki zizini, shamba pia. Kijana aliyeuziwa shamba la baba yake akikataliwa viza atawatazamaje ndugu zake? Na akipata, anakwenda na deni kichwani, hapo ndipo shetani anamnong'oneza asirudi. Hili nalo liseme waziwazi mbele yao: kijana mmoja akitoroka huko, paroko wako ameharibikiwa jina, na watakaoomba baada yenu watalipa.

Mapatano yakishasainiwa, ndipo pasipoti. Maombi yanaanzia mtandaoni, ada ni 250,000, unalipa benki, kisha unapewa siku ya kwenda kupigwa picha na kuweka alama za vidole. Lakini kabla ya hapo mkae na vitambulisho vya taifa, vyeti vya ubatizo na vyeti vya shule mezani, mvisome herufi kwa herufi. Mwenzetu mmoja kitambulisho kilimwandika Adiko badala ya Adriko. Herufi moja tu. Ilimchukua wiki saba kurekebisha, na ndiye aliyeingia ubalozini wa mwisho, siku zimekwisha.

Vijana wa boda na wa S6 wafunguliwe akaunti zao wiki hii. Ubalozi tuliouomba sisi ulitaka kuona benki ya kila mmoja, na vijana wetu wengi pesa yao inalala kwenye simu na kwenye soksi. Milioni tatu iliyoingia juzi kwa mkupuo inatia shaka. Elfu ishirini kila Jumatatu kwa mwaka mzima inaonyesha mtu mwenye kazi. Wa boda achukue barua ya mwenyekiti wa stendi yake, fundi cherehani aonyeshe leseni ya biashara, mwanafunzi barua ya chuo. Hizo ndizo sababu za kurudi nyumbani.

Usiwaandikishe kama kikundi cha Malaba peke yenu. Nenda ofisi ya vijana ya jimbo kuu la Tororo. Sisi barua ya mwaliko ya kupeleka ubalozini tuliipata baada ya kuandikishwa kupitia jimbo na kulipa ada ya kushiriki.

Sasa Lisbon. Wiki ya kabla ya mkutano mahujaji walisambazwa majimboni, sisi tukapelekwa mji mdogo upande wa Coimbra, tukakaribishwa na familia. Mimi na mwenzangu tulipokelewa na bibi mjane, hajui Kiingereza, nami Kireno sijui. Jioni ya kwanza akaweka bakuli mezani: supu ya viazi vilivyopondwa, na ndani yake sukuma. Dada, sukuma ile ile, imekatwa nyembamba kama nyuzi, na kipande kimoja cha soseji juu. Wanaiita caldo verde. Nilipoitambua nikacheka kwa furaha, nikaenda jikoni kwake, nikachukua kisu na jani moja nikamwonyesha jinsi mama yangu anavyokunja majani na kukata. Akanishika mkono, akanionyesha kwamba yake inakatwa nyembamba zaidi. Tulikata sukuma ya siku mbili usiku ule.

Tulipoingia Lisbon tulilala kwenye ukumbi wa michezo wa shule, chini, kila mtu na mfuko wake wa kulalia, bafu moja kwa foleni. Wewe unayewatandikia mahujaji wa Namugongo madarasani hutaona kitu kigeni hapo. Asubuhi katekesi, mchana kutembea, jioni kukusanyika na Papa Fransisko. Tarehe 3, pale Parque Eduardo VII, alisema Kanisa lina nafasi kwa wote, akaurudia ule msemo wa todos, todos, todos, umati ukaupokea kama kiitikio cha wimbo.

Mkesha ulikuwa Parque Tejo, kando ya mto, usiku wa tarehe 5. Jua la mchana ule sijaliona hata kule wilaya ya Moyo wakati wa kiangazi. Tulitembea na mizigo mgongoni saa nyingi kufika. Usiku ilipowekwa Ekaristi, watu kiasi cha milioni moja na nusu wakanyamaza. Nilisikia kitambaa cha bendera ya jirani kikipigapiga mti wake. Nilisikia mtu wa safu ya mbele akimeza maji. Nikatoa lile daftari la mweka hazina, lilikuwa na majina ya wale sita, nikayasoma moja moja mbele za Mungu. Asubuhi yake, mwisho wa Misa, Papa akatangaza Seoul.

Kuhusu kuwachunga sita: wafunge wawili wawili tangu Malaba, si tangu Seoul. Mwenzako akiwa hayupo, wewe ndiye unayeulizwa.

Binti_wa_Kasese

Mwalimu, shikamoo. Nimesoma hadi mwisho, nikaacha, nikarudi.

Mimi ni mmoja wa waliokataliwa mwaka huo huo, si kundi lako, la kwetu Kasese. Tulikuwa tisa, saba tukanyimwa. Barua ilikuwa na visanduku, kimoja kimewekewa alama. Niliisoma kwenye ngazi za jengo pale Kampala nikiwa nimevaa gomesi ya shangazi yangu, maana niliambiwa nipendeze. Nikapanda basi la usiku nikarudi. Mama alikuwa amechinja kuku akidhani nimekuja kuaga.

Kaka, kusoma majina yetu mbele ya Ekaristi ni jambo jema na Mungu amelipokea. Lakini wakati ule, kama mtu angenipigia simu kutoka Lisbon aniambie amenitaja kwenye mkesha, ningekata simu. Nilichotaka ni pesa ya mama yangu kabla muhula haujaanza. Nililipwa mwezi wa kumi na moja. Nilikosa muhula mzima wa chuo.

Kwa hiyo dada Mlezi, zile siku za kurudisha pesa alizozitaja Mwalimu, ziandike kumi na nne, na zihesabiwe tangu siku ya barua ya ubalozi. Msiandike "mapema iwezekanavyo". Hayo maneno yaliniumiza mimi.

La pili. Kuna kitu paroko wetu alifanya ambacho kiliniponya kidogo. Usiku wa mkesha alifungua kanisa, akaweka turubai jeupe na projekta, akaniita mimi niongoze rozari. Si kama mtu wa kuonewa huruma, alinikabidhi kazi. Kijiji kizima kilikuja, hata wazee. Kama mtapanga hivyo kwenu, kumbukeni Seoul iko saa sita mbele yetu. Kwao ikiwa saa mbili usiku, Malaba ni saa nane mchana na jua lote. Mtahitaji mapazia mazito. Na huyo mtu wa kuongoza mchagueni sasa hivi, kabla hamjajua nani atapata na nani atakosa.

Katekista_Mukono

Mwanangu Mlezi, mpelekee huyo mzazi jibu hili.

Korea wana mashahidi wao kama sisi. Papa Yohane Paulo II aliwatangaza watakatifu 103 kwa siku moja, tarehe 6 Mei 1984, hapo hapo Seoul. Mashahidi wa kwetu Uganda 22 walitangazwa na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964. Padre wao wa kwanza mzalendo, Andrew Kim Taegon, aliuawa mwaka 1846 akiwa na miaka 25. Karoli Lwanga alichomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, naye alikuwa kijana wa umri huo huo.

Na kuna jambo ambalo mimi kama katekista linanigusa kila nikilifundisha. Sisi tuliletewa imani na wamisionari, Padre Mapera na Bruda Amans, mwaka 1879. Wakorea hawakungoja. Wasomi wao walipata vitabu vya dini kutoka Uchina, wakavisoma, wakamtuma mwenzao Yi Seung-hun hadi Beijing, akabatizwa huko mwaka 1784, akarudi akawabatiza wenzake. Kanisa lilianza kwa walei, na mapadre wakaja baadaye. Mzazi asiogope. Vijana wako wanakwenda kwa watu wanaojua gharama ya ubatizo.

Ni kweli Wakristo huko si wengi kama kwetu, na barabarani wengi hawatajua rozari ni nini. Kwa bara la Asia, mara ya mwisho mkutano huu kufanyika ilikuwa Manila mwaka 1995. Afrika bado haijapewa.

Wabebe zawadi ya lubugo, kile kitambaa chetu cha magome ya mti, kipande kidogo tu kilichoshonwa mfuko wa rozari. Fundi wako wa cherehani anaweza kuishona yote yeye mwenyewe.

Hajati_Bombo

Asalaam aleikum, na amani kwenu nyote. Mimi ni Mwislamu, Mnubi wa Bombo, nimeingia kwa sababu nilikwenda Hija mwaka 2018 na yale ya umati nayajua. Mwanangu, miguu ni miguu, na kiu ni kiu.

Usimruhusu mtoto yeyote kusafiri na viatu vipya. Avivae miezi miwili kabla, aende navyo sokoni, aende navyo shambani. Mwanamke tuliyekuwa naye chumba kimoja alinunua viatu vizuri Kampala siku moja kabla ya ndege. Siku ya tatu kisigino kilikuwa wazi, akawa anafanya ibada zote huku anachechemea. Mwezi wa nane Seoul ni joto lenye unyevu na mvua juu yake, kwa hiyo soksi ziwe nyingi kuliko nguo.

Kila mtoto awe na karatasi shingoni, ndani ya nailoni, yenye jina la mahali mnapolala limeandikwa kwa herufi za Kikorea. Wewe mwenyewe utamwomba mwenyeji akuandikie mkifika. Simu ikizima, karatasi haizimi. Mimi nilipotea Mina, saa tatu nzima, simu imekufa. Niliokolewa na kitambaa cha mkononi chenye namba ya kambi. Polisi alikisoma akanishika mkono kama mtoto.

Na hili mlishike sana. Malaria unaweza kuibeba kutoka nyumbani bila kujua, ikapanda ukiwa huko, hata wiki tatu baadaye. Madaktari wa kule hawaioni kila siku. Mtoto akipata homa, kitu cha kwanza kinachotoka mdomoni mwako mbele ya daktari kiwe: tunatoka Uganda, kwetu kuna malaria, mpimeni damu. Usingoje aulize. Tulikuwa na mzee alitibiwa mafua siku mbili, siku ya tatu ndipo mwanawe alipolisema neno hilo. Alipona, lakini alikaribia.

Chanjo ya homa ya manjano wapigwe mapema, angalau siku kumi kabla ya safari, na kile kitabu cha manjano kikae ndani ya pasipoti. Siku hizi ukichanjwa mara moja kadi ni ya maisha. Msibebe nyama, matunda wala mbegu, forodha ya huko haina mchezo. Na plagi zetu za miguu mitatu haziingii ukutani kwao, wao wanatumia za pini mbili za mviringo, kwa hiyo nunueni vibadilishio viwili vitatu vya pamoja.

Mungu awafikishe.

Mlezi_Malaba

Nimesoma yote mara mbili, mara ya pili kwa sauti, mume wangu akisikiliza.

Jumatatu nilipeleka pesa SACCO. Tunasaini watatu: mimi, katibu wa baraza, na baba wa yule binti fundi. Alhamisi wazazi walikuja, tukakaa nyuma ya kanisa chini ya mwembe. Nilimsomea kila mmoja ukurasa wake. Nilipofika pale pa siku kumi na nne, mama mmoja aliniomba nirudie. Nikarudia. Akasema, "Hapo sasa nimekuelewa," akaweka dole. Yule wa ng'ombe alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema mteja alikuwa aje Jumamosi, atampigia simu asije. Wa shamba bado hajasema kitu, nitamrudia nyumbani kwake.

Binti wa Kasese, wewe sikujui lakini umenifundisha kitu ambacho nisingekijua. Tumechagua wa kuongoza mkesha wa hapa. Tumemchagua kwa kura, wakiwa wote sita wamekaa, na hakuna aliyejua anapiga kura ya nini mpaka nilipomaliza kueleza. Ameshinda yule kijana wa S6. Akipata viza, wa pili wake ni muuza simu.

Katekista, yule mzazi nimempelekea habari za yule aliyetumwa Beijing. Aliniuliza alitembea umbali gani.

Yule mtu wa viza amepiga simu mara nne. Mara ya nne nilimwambia hatuhitaji, akanitukana. Hajati, viatu nimewaambia, wa boda tayari wameanza kuvivaa kazini.

Mwalimu, nina maswali mawili. Tumesoma vitambulisho herufi kwa herufi kama ulivyosema, na kijana mmoja wa boda tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho ni tofauti na ya cheti cha ubatizo. Miaka miwili. Nianzie wapi? Na la pili linanitesa zaidi: je, nikinyimwa mimi, wakapewa wao?

Mwalimu_Arua

Dada, umefanya kwa wiki moja kile ambacho sisi hatukukifanya kwa mwaka. Nashukuru.

La tarehe: asiombe pasipoti na tarehe mbili. Atafute kwanza cheti cha kuzaliwa na cheti cha shule ya msingi, aone viwili vipi vinakubaliana, kisha aende ofisi ya NIRA, wale wanaotoa vitambulisho vya taifa, ya wilaya yenu aombe marekebisho, akiwa na nakala za vyote. Aende yeye mwenyewe, asimtume mtu. Akirudishwa, aandike jina la karatasi aliyoambiwa inakosekana na tarehe aliyoambiwa, kwenye daftari. Aanze sasa, maana kama yule Adriko wetu, wiki saba zinapita bila kujua.

La pili: omba jimbo likupe mlezi mwingine tangu sasa, mtu mzima, ajue kila kijana kwa jina na kwa tabia, aje hata kwenye vikao vyenu. Majina yenu wawili yaandikwe kama walezi kwenye maombi. Ukinyimwa wewe, yeye anakwenda nao. Na pesa yako wewe nayo iwe na ukurasa wake kwenye daftari lile lile, na siku zako kumi na nne. Walezi huwa wanajisahau hapo. Mimi nilijisahau kinyume chake, nikajikuta nimepanda ndege.

Binti wa Kasese, nimekusikia. Wale wawili wa kwaya nimekwenda kwao Jumapili hii. Sikubeba daftari. Kwa mmoja wao niligundua kuna laki moja na elfu themanini ambazo hakuwahi kurudishiwa na hakuwahi kudai. Nimeanza kumlipa.

Mlezi_Malaba

Kesho naamka saa tisa usiku, nikande unga wa kutosha, dada yangu atauza badala yangu. Mimi na kijana tunapanda taksi ya kwanza kwenda Tororo NIRA. Ana cheti cha kuzaliwa, cha shule na cha ubatizo, vyote ndani ya mfuko wa nailoni. Nitarudi kuwaambia tulivyojibiwa.